NCHI JIRANI: Vipimo Vinne vya Almasi na Hasara ya Asiyevijua



Katika takwimu za uchimbaji wa almasi duniani kwa mwaka 2022 imo habari moja ambayo yafaa itazamwe kwa makini. Jirani wa magharibi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alichimba karibu karati milioni 10 za almasi katika mwaka huo. Namibia, nchi yenye jangwa kubwa na watu wachache, ilichimba karati milioni 2 na ushei tu. Kwa hesabu ya kawaida ingetazamiwa kwamba Kongo ingepata fedha nyingi kuliko Namibia. Mambo yalikuwa kinyume kabisa. Karati moja ya Kongo ilithaminiwa kwa wastani usiofika dola 10 za Kimarekani, ilhali karati moja ya Namibia ilithaminiwa kwa zaidi ya dola 500.

Sehemu kubwa ya tofauti hiyo yatokana na maumbile. Almasi nyingi za Mbuji-Mayi, katika jimbo la Kasai Mashariki, ni mawe madogo, meusi au ya kijivu, yenye nyufa. Mawe hayo hayafai pete. Husagwa yakatumika viwandani kukatia na kunolea vyuma. Almasi za Namibia kwa upande wake zilisukumwa na mto hadi baharini kwa muda wa mamilioni ya miaka. Njiani mawe dhaifu yalivunjikavunjika, yakabaki yale imara na safi.

Lakini maumbile hayamalizi maelezo yote. Hata katika Kongo hupatikana mawe mazuri sana, hasa sehemu za Tshikapa, na bado mchimbaji wa huko hubaki maskini. Hapa ndipo linapoingia suala la kupima ubora. Bei ya almasi haisomwi katika mizani peke yake kama bei ya mchele au ya shaba. Husomwa katika vipimo vinne: uzito, rangi, usafi na mchongo. Anayevijua vipimo hivyo ndiye apangaye bei, na asiyevijua hupokea anachopewa. Kanuni hiyo humhusu mchimbaji wa Kasai, humhusu mwananchi anayenunua pete ya ndoa mjini, na humhusu askari anayekamata jiwe la magendo mpakani.

Hebu vipimo hivyo vitazamwe kimoja kimoja.

Kipimo cha kwanza ni uzito, na hupimwa kwa karati. Karati moja ni sawa na gramu 0.2, kwa hiyo gramu moja ina karati 5. Karati nayo imegawanywa katika pointi 100, hata jiwe la nusu karati likaitwa la pointi 50. Neno lenyewe latokana na mbegu za mti wa karoba, mti wa nchi za Mediterania, ambazo wafanyabiashara wa kale walizitumia kama mawe ya mizani. Almasi ya karati moja iliyochongwa duara huwa na upana wa milimita 6 na nusu hivi, yaani haizidi unene wa penseli ya kawaida. Mnunuzi asichanganye karati hii na karati ya dhahabu. Sonara akisema pete ni ya dhahabu ya karati 18, maana yake ni kwamba katika sehemu 24 za madini ya pete hiyo, sehemu 18 ni dhahabu halisi. Ile ya dhahabu ni kipimo cha usafi; hii ya almasi ni kipimo cha uzito.

Jambo la kukumbuka ni kwamba bei haipandi sawasawa na uzito. Mawe makubwa ni adimu kuliko madogo, kwa hiyo jiwe moja la karati 2 huuzwa kwa bei kubwa kuliko mawe mawili ya karati moja moja yenye ubora ule ule. Kadhalika, bei huruka pale uzito unapogusa namba kamili. Jiwe la pointi 95 na jiwe la karati moja kamili hayatofautiani kwa macho, lakini dukani hutofautiana. Mnunuzi mwenye busara aweza kunufaika na tofauti hiyo kwa kuchagua lile pungufu kidogo.

Kipimo cha pili ni rangi. Watu wengi hudhani kwamba almasi zote ni nyeupe kama maji. Kwa kweli nyingi zina umanjano au ukahawia kidogo, na kadiri umanjano unavyopungua ndivyo bei inavyopanda. Mpaka katikati ya karne iliyopita kila mfanyabiashara alikuwa na majina yake ya kupanga rangi, na mnunuzi hakuwa na njia ya kulinganisha. Mwaka 1953 Taasisi ya Vito ya Marekani, ijulikanayo kwa herufi GIA, ilitoa ngazi ya herufi ambayo sasa hufuatwa karibu dunia nzima. Ngazi hiyo huanza na herufi D na kuishia Z. Waliobuni walikwepa A, B na C kwa sababu herufi hizo zilikwisha kutumiwa ovyo na wauzaji wa zamani. D, E na F ni almasi zisizo na rangi. G hadi J zina rangi ndogo mno ambayo mtu wa kawaida haioni jiwe likiwa ndani ya pete. Kuanzia K umanjano huanza kujitokeza. Mtu anayetaka pete ya dhahabu ya njano hana haja ya kulipia herufi D, kwa kuwa dhahabu yenyewe itaakisi umanjano wake ndani ya jiwe.

Ziko almasi zinazotoka nje ya ngazi hiyo, nazo ni zile zenye rangi kamili, kama vile waridi, buluu au njano iliyokolea. Hizo ni adimu, na rangi ndiyo huzipandishia thamani. Mfano mashuhuri ulitoka Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947, ilipopatikana almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Mwenye mgodi, Mkanada John Williamson, aliitoa zawadi kwa binti mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyeolewa mwaka huo huo.

Kipimo cha tatu ni usafi. Almasi huumbwa chini sana ardhini, kwenye joto na mgandamizo mkubwa, na aghalabu hufungia ndani yake chembe za madini mengine, mawingu membamba au nyufa. Mkaguzi hulitazama jiwe kwa lenzi inayokuza mara 10, kisha hulipa daraja. Daraja ni 11. Juu kabisa ni FL, yaani jiwe lisilo na dosari ndani wala nje, na IF, lisilo na dosari ndani. Hufuata VVS ya 1 na ya 2, ambazo dosari zake ni ndogo mno hata mkaguzi mzoefu huzitafuta kwa taabu. Halafu VS ya 1 na ya 2, zenye dosari ndogo. SI ya 1 na ya 2, zenye dosari zinazoonekana kwa lenzi bila shida. Na mwisho I ya 1 hadi ya 3, ambazo dosari zake huonekana kwa macho matupu na pengine hudhoofisha jiwe. Kwa pete ya kuvaliwa kila siku, jiwe la VS, au SI lililochaguliwa vizuri, hutosha. Kulipa fedha nyingi kwa usafi ambao hakuna atakayeuona bila lenzi ni hiari ya tajiri.

Kipimo cha nne ni mchongo, nacho ndicho pekee kinachotegemea mkono wa binadamu. Almasi ghafi hufanana na kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga. Mng'ao wake hutokana na nyuso bapa zinazochongwa kwa pembe maalumu. Mchongo wa duara unaopendwa zaidi una nyuso 57 au 58. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, mhandisi wa ukoo wa wachongaji almasi, alionyesha kwa hesabu kwamba pembe zikiwa sahihi, mwanga uingiao kwa juu hugonga kuta za chini na kurudi kwenye jicho la mtazamaji. Jiwe likichongwa la kina kirefu mno au kifupi mno, mwanga huvujia pembeni na jiwe hufifia, hata kama rangi yake ni D na usafi wake ni FL. Wauzaji wengi hutaja uzito kwanza na mchongo mwisho. Mnunuzi yafaa aanze na mchongo, kwa maana ndio unaoonekana.

Mchongo pia hula uzito. Ile almasi ya Mwadui ya karati 54.5 ilipomalizika kuchongwa ilibaki karati 23.6, yaani zaidi ya nusu iliondoka. Ndiyo sababu karati moja ya jiwe ghafi na karati moja ya jiwe lililochongwa si bidhaa moja, na bei zake hazilinganishwi.

Baada ya kuvifahamu vipimo hivyo, sasa hali ya mchimbaji wa Kongo yaweza kueleweka. Tangu serikali ya Zaire ilipowaruhusu wachimbaji wadogo mwanzoni mwa miaka ya 1980, sehemu kubwa ya almasi ya nchi hiyo imekuwa ikitolewa kwa sululu, koleo na chekeche. Mchimbaji hulipeleka jiwe kwa dalali. Dalali ana lenzi, ana mizani ndogo, na anazijua bei za Antwerp na Dubai. Mchimbaji hana hata kimoja katika hivyo. Akiambiwa jiwe lake lina ufa, hawezi kubisha. Akiambiwa ni la njano, hana jiwe la kulinganishia. Na aghalabu dalali ndiye aliyemkopesha chakula na vifaa, kwa hiyo hana pa kwenda kwingine. Hivyo unyonyaji hufanyika kwa utulivu, mezani, pasipo hata kofi moja.

Nchi nazo hupatwa na hali hiyo hiyo. Mwaka 2017, katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, serikali ya Tanzania ilizuia shehena ya almasi ya karati zaidi ya 71,000. Nyaraka zilionyesha thamani ya karibu dola milioni 15. Serikali ilisema thamani halisi ni zaidi ya dola milioni 29. Kampuni yenye mgodi ilikana kudanganya, na mwaka 2021 pande hizo mbili zilitia saini makubaliano ya kumaliza tofauti zao. Mzozo huo haukuhusu uzito, kwa kuwa mizani haina ubishi. Ulihusu ubora: jiwe gani liwekwe katika fungu gani.

Botswana ilifanya njia nyingine. Almasi iligunduliwa Orapa mwaka 1967, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, na kwa miaka mingi mawe yake yalichambuliwa na kuchanganywa na mengine huko London. Serikali ilidai kazi hiyo ihamishiwe nyumbani, na mwaka 2013 ilihamia Gaborone. Leo vijana wa Botswana, wanaume kwa wanawake, hukaa kwenye meza zenye mwanga maalumu wakiyapanga mawe kwa ukubwa, umbo, rangi na usafi katika maelfu ya mafungu. Pamoja na kuwapatia ajira, kazi hiyo imeipa nchi ujuzi wa kujua inauza nini.

Mahali ambapo ujuzi na sheria vimekosekana, almasi imenunua risasi. Mwezi Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda, yaliyokuwa yameingia Kongo miaka miwili kabla, yalipigana yenyewe kwa yenyewe kwa siku sita katika mji wa Kisangani. Mamia ya raia waliuawa. Ugomvi ulikuwa na sababu kadhaa, lakini biashara ya almasi ya mji huo ilikuwa mojawapo, na ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 ilieleza jinsi mali ya Kongo ilivyochukuliwa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, na katika hizo, dola milioni 60 zilikuwa fidia ya maliasili.

Ni vita vya namna hiyo, pamoja na vile vya Sierra Leone na Angola, vilivyozaa Mchakato wa Kimberley, ambao ulianza kutumika tarehe 1 Januari 2003. Chini ya utaratibu huo, almasi ghafi haivuki mpaka wa nchi mwanachama ila ikiwa ndani ya chombo kilichofungwa kwa lakiri na kuambatana na cheti cha serikali. Hapa yapo makosa ambayo watu wengi huyafanya. Cheti cha Kimberley hakisemi kwamba almasi ni nzuri wala mbaya. Chaeleza kwamba mzigo huo haukutoka mikononi mwa waasi. Cheti cha ubora ni kingine kabisa. Hutolewa na maabara ya vito, huhusu jiwe moja lililochongwa, na huonyesha vile vipimo vinne. Mtu akionyesha kimoja badala ya kingine, ama hajui, ama anadanganya.

Udanganyifu nao umeongezeka ujuzi. Yako mawe ya bandia yaitwayo zirkonia, yanayong'aa sana lakini yenye uzito wa zaidi ya mara moja na nusu ya almasi ya ukubwa ule ule. Iko moisanaiti, ambayo huweza kukidanganya hata chombo cha kupima joto kinachotumiwa na masonara. Na ziko almasi zinazotengenezwa maabara, kazi iliyofanikiwa Marekani mwaka 1954. Hizo ni almasi za kweli kwa ugumu na kwa kemia yake, na jicho haliwezi kuzitenga na zile za ardhini. Lakini bei yake imeshuka sana katika miaka ya karibuni, na muuzaji anayezitoza bei ya almasi ya ardhini anafanya wizi. Mitihani ya vijiweni, kama kulipulizia jiwe pumzi, kulitia majini au kukwaruzia kioo, haitoshi. Wala jiwe lisipigwe nyundo kwa kudhani kwamba almasi haivunjiki. Almasi ni ngumu kukwaruzwa, lakini ikipigwa upande wa maumbile yake hupasuka.

Askari yampasa ayatumie maarifa haya kwa mambo matatu.

La kwanza ni akiwa mnunuzi. Anayechukua mkopo au akiba ya miaka ili anunue pete na adai cheti cha maabara inayotambulikana. Aisome namba ya cheti, kisha aombe lenzi ailinganishe na namba iliyochorwa kwenye ukingo wa jiwe, endapo ipo. Jiwe lisilo na cheti lisinunuliwe kwa bei ya jiwe lenye cheti. Na asishawishike na neno la muuzaji kwamba almasi ni akiba ya uzeeni, kwa kuwa anayeirudisha dukani aghalabu hupewa pungufu sana ya alicholipa.

La pili ni akiwa mlinzi wa sheria. Katika Tanzania, kama ilivyo katika nchi nyingi zenye migodi, kumiliki au kuuza almasi ghafi bila leseni ni kosa. Lakini kesi nyingi za vito huweza kuharibika kwenye karatasi. Kielelezo kilichoandikwa "jiwe moja linalodhaniwa kuwa almasi", bila uzito, bila rangi, bila umbo, chaweza kubadilishwa usiku mmoja, na asubuhi maandishi yakabaki ni ya kweli. Kumbe jiwe likipimwa mbele ya mtuhumiwa na mashahidi, uzito ukaandikwa kwa karati hadi pointi ya mwisho, rangi na umbo vikaelezwa, picha ikapigwa, na bahasha ikafungwa kwa lakiri yenye saini zao, mwizi wa ndani hana nafasi. Thamani asiikadirie askari. Hiyo ni kazi ya mthamini wa serikali.

La tatu ni akiwa ugenini. Mwaka 2013 Tanzania, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, ilipeleka askari mashariki ya Kongo chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Katika nchi kama hiyo, mtu huweza kumjia askari akiwa na jiwe ndani ya karatasi na bei ndogo mdomoni. Likiwa ni kioo, askari amepoteza mshahara wake. Likiwa ni almasi, amenunua mali ambayo haina cheti, ambayo pengine imetoka kwa wale wale anaopambana nao, na ambayo yaweza kumfikisha mahakamani na kuiaibisha nchi iliyompeleka.

Wachimbaji wa Mbuji-Mayi wataendelea kesho kuchekecha mchanga, na miongoni mwao yuko atakayeokota jiwe zuri. Atalipwa kiasi gani kutategemea nani ameshika lenzi. Serikali ya Kongo ina ofisi yake ya kuthamini na kutoa vyeti, na wakipatikana wathamini waaminifu wa kutosha hadi vijijini, jiwe lile laweza kumsomeshea watoto. Wasipopatikana, litavuka mpaka ndani ya soksi. Na yule anayesimama kwenye mpaka huo, usiku, akiwa na tochi na rejista ya vielelezo, ni askari.